Usile Kila Unacholishwa: Mchezo Wako wa Kwanza wa Chesi Mashindanoni

Mchezo wangu wa kwanza wa chesi mashindanoni ulikwisha nikiwa nimesogeza kete mara saba tu. Aliyenifunga alikuwa mtoto wa shule ya msingi, amevaa sweta ya shule siku ya Jumamosi, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Hakucheka wala hakuringa. Alinipa mkono, akaenda zake kununua mandazi. Nakusimulia haya mapema ili ujue ushauri huu unatoka kwa mtu wa namna gani.

Mimi nimetoka shule ya drafti. Kama nawe umekulia Eastlands ya Nairobi, iwe Jericho, Mbotela, Kayole au Dandora, shule hiyo unaijua: ubao uliochorwa kwa wino, vizibo vya soda, upande mmoja vimelala chali na mwingine kifudifudi, na nyuma yako wazee watano ambao hawachezi lakini wanajua kila kitu. Kwenye drafti, kete ya mwenzako ikikaa vibaya ni lazima uile. Hata ukijua ni mtego, unakula. "Kula, kijana! Kula!" Na bingwa ni yule anayekulisha moja ili akule tatu. Chesi nayo ina vyambo vyake, ila hakuna sheria inayokulazimisha kumeza. Mkono uliozoea drafti haujui hilo, na ndio utakaokuponza siku ya kwanza.

Kabla ya kuendelea, tafuta ubao, hata wa karatasi, upange kete. Nitazitaja kwa Kiswahili: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na kitunda, ambacho vijana wengi mtaani hukiita poni. Kila mraba una herufi na namba. Herufi a hadi h zinahesabiwa kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe, na namba 1 hadi 8 kutoka upande wake kwenda kwa mwenye nyeusi. Mraba wa pembeni mkono wako wa kulia uwe mweupe. Ukiona ni mweusi, ubao umekaa vibaya, ugeuze.

Sasa tazama nilivyokufa.

Nilikuwa na nyeupe. Kitunda cha mbele ya mfalme nikakipeleka e4, naye akajibu e5. Farasi wangu akaruka f3 kukitisha kitunda chake, naye akamtoa farasi wake c6 kukilinda. Nikamweka askofu c4. Hadi hapo kila kitu kilikuwa kama nilivyofundishwa. Kisha farasi wake wa c6 akaruka d4, akakiacha kitunda cha e5 peke yake kama mtoto aliyesahauliwa stejini. Kichwani nikawasikia wale wazee.

Nikala. Malkia wake akatua g5, akimlenga farasi wangu aliyekuwa e5 na kitunda changu cha g2 kwa mpigo mmoja. Sikujali, maana nilikuwa nimeshaona mlo wa pili: farasi wangu akala kitunda cha f7, na kutoka hapo akawatisha malkia wake na ngome ya h8 pamoja. Nikajiona fundi. Malkia akala g2. Ngome yangu ya h1 ikawa hatarini, nikaikimbiza f1. Malkia akala e4, sheki. Nikamweka askofu e2 kumkinga mfalme. Farasi wa d4 akaruka f3, basi. Chekimeti. Askofu hawezi kumla farasi huyo kwa sababu akiondoka e2 mfalme anabaki uchi mbele ya malkia, na mfalme mwenyewe hana pa kukimbilia: pande zote amezibwa na watu wake.

Mtego huo una jina, na jina lenyewe lina pesa ndani yake. Unaitwa Mtego wa Shilingi wa Blackburne. Inasimuliwa kwamba Joseph Henry Blackburne, bingwa wa Uingereza wa karne ya 19, aliutumia kuwanyang'anya wateja wa mikahawa shilingi moja moja. Yule mtoto hakunidai shilingi. Nilikuwa nimeshailipa mlangoni, kwenye ada ya kujiandikisha.

Dawa yake ni rahisi mno. Farasi mweusi akitua d4, mle yeye mwenyewe kwa farasi wako wa f3, usikiguse kitunda cha e5. Atakula kwa kitunda chake, nawe umfiche mfalme mara moja. Utatazama ubao na kuona askofu wako yuko nje na mfalme yuko salama, wakati yeye hana kete kubwa hata moja iliyotoka nyumbani. Ukiiona hali hiyo mara mbili tatu, utamtamani mtu wa kukutegea.

Ufunguzi wenyewe, ule wa e4, farasi f3 na askofu c4, unaitwa wa Kiitaliano, nami nakushauri uushike huohuo na kuachana na mingine kwa mwaka mzima. Ni wa kale: Gioachino Greco, Mtaliano wa Calabria, aliandika michezo yake katika miaka ya 1620. Na kwa mtu wa Eastlands jina hilo si geni kabisa. Nenda Kaloleni ukatazame zile nyumba za mawe zilizojengwa miaka ya 1940. Wenyeji watakusimulia kwamba mateka wa vita wa Kiitaliano walitumikishwa kuzijenga. Sijui kama miongoni mwao kulikuwa na mchezaji wa chesi, lakini nikipita pale hupenda kudhani alikuwepo.

Kwa nini huo? Kwa sababu kila hatua ina kazi unayoweza kumweleza mtu kwa sentensi moja. Kitunda cha e4 kinashika katikati. Farasi wa f3 anatisha e5 na kumpisha mfalme ajifiche. Askofu wa c4 anauelekea mraba wa f7, na mraba huo, mwanzoni mwa mchezo, hauna mlinzi mwingine ila mfalme peke yake. Mtu aliyekariri hatua kumi na tano bila sababu hupotea mwenzake anapofanya kitu kisichokuwa kitabuni, na katika mashindano ya watu wa kawaida kama sisi, kitabu huisha kwenye hatua ya nne au ya tano.

Mwenzako akijibu kwa kumtoa askofu wake c5, wewe tulia. Kitunda c3, ili baadaye uweze kusukuma d4. Kitunda d3 kulinda e4. Mfiche mfalme upande wa kulia, yaani mfalme aruke miraba miwili hadi g1 na ngome ivuke hadi f1. Kisha ngome e1, kitunda h3 ili mtu asije akamkaba farasi wako kwa askofu wa g4, na farasi wa pili apite d2 hadi f1, kisha g3. Utaniambia inachosha. Waitaliano wenyewe waliuita mchezo mtulivu. Uzuri wake ni kwamba mpango huohuo unatumika pia akijibu kwa farasi f6: cheza d3 na uendelee vilevile. Utafika hatua ya kumi ukiwa mzima, dakika zako karibu zote zikiwa bado mfukoni.

Kuna kishawishi kimoja, nacho kina jina tamu. Akimtoa farasi f6 kabla ya askofu, unaweza kumrusha farasi wako g5 ili yeye na askofu walenge f7 pamoja. Yeye atasukuma d5, nawe utakila kitunda hicho kwa kile cha e4. Hapo mtu wa drafti upande wa pili atafanya nini? Atakula, bila shaka, kwa farasi wake. Akishakula, farasi wako anajitoa mhanga f7, mfalme wake analazimika kumla, malkia wako anaingia f3 kwa sheki, na mfalme huyo anaishia e6, katikati ya barabara, akijaribu kumlinda farasi wake wa d5 huku kete zako zikimjia mbio. Shambulio hilo linaitwa Ini la Kukaanga. Litumie kwa hiari yako. Ila kumbuka kuna siku utakuwa na nyeusi, na atakayekukaanga atakuwa mwingine. Basi ukiwa na nyeusi na umeshaliwa kitunda cha d5, usikile kile chake. Mrushe farasi wa c6 hadi a5 amfukuze askofu. Utakuwa nyuma kwa kitunda kimoja, lakini kete zako zitatoka haraka na yeye ndiye atakayekuwa akikimbia.

Kwa nyeusi kuna njia ya utulivu zaidi, nayo ndiyo ninayoitumia: mtoe askofu c5 kwanza, farasi f6 baadaye. Farasi wake akithubutu kuruka g5 mapema, malkia wako wa d8 anamwona moja kwa moja na anamla bure. Huo ni mlo halali.

Kuna watoto wa mitaa yetu wanaojua kitu kimoja tu, na kitu hicho kimewashindia nusu ya darasa. Baada ya e4 na e5, malkia wao anatoka mbio hadi h5, askofu anafuata c4, na hatua ya nne ni chekimeti f7. Usiwe mtu wa kufa hivyo mbele ya watu. Malkia akitoka h5, weka farasi c6 kulinda e5. Askofu akifika c4, sukuma kitunda g6. Malkia akikimbilia f3, weka farasi f6, na mambo yameisha. Tangu hapo kila utakapotoa kete ukimtisha huyo malkia, unapata hatua ya bure.

Na akianza na d4? Jibu d5. Atasogeza c4, akikupa kitunda. Unaweza kukila, hakuna ubaya. Ubaya ni kuking'ang'ania. Ukishakula, yeye anacheza e3. Ukikilinda kwa b5, anakivamia kwa a4. Ukikishikilia kwa c6, anakula b5, nawe unakula kwa kitunda cha c6. Halafu malkia wake anaingia f3, na kule pembeni, a8, ngome yako inamtazama bila chochote katikati. Utapoteza kete kubwa kwa sababu ya kitunda ambacho hata hakikuwa chako. Mimi husogeza e6 tu, kisha farasi f6, askofu e7, na kumficha mfalme. Wakati wa kujifunza mengine utakuja.

Sasa mazoezi. Wiki tatu zinatosha kwa mashindano ya kwanza. Cheza ufunguzi huo mara ishirini dhidi ya watu walio hai, na kila unapopotea rudi kwenye hatua uliyoanza kuhisi kizunguzungu. Simu inafaa kwa kutafuta wapinzani usiku, ila mazoea ya dakika tatu tatu yatakuharibu. Kwenye simu unajifunza kuwa mwepesi wa kidole, na mashindanoni unahitaji makalio mazito. Ukikosa pa kukaa kwa utulivu, kuna maktaba za Kaloleni, Makadara na Buruburu, zungumza na wahudumu kwa adabu uone watakupangia kona gani. Na usidharau kucheza na mtoto. Phiona Mutesi alianza akiwa msichana mdogo wa Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala, chini ya mwalimu Robert Katende. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi kule Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2016 ikatoka filamu ya maisha yake, ambamo Lupita Nyong'o wetu aliigiza kama mama yake. Katwe na Dandora hazipishani sana. Mwanzoni Mutesi naye alifunzwa na mtoto mdogo kuliko yeye.

Fanya mazoezi ya kuandika pia. Katika michezo ya muda mrefu ni lazima kila hatua iandikwe, yako na ya mwenzako. Farasi ni N, askofu B, ngome R, malkia Q, mfalme K, na kitunda hakina herufi, unaandika mraba tu. Mchezo wa zaidi ya dakika 10 lakini chini ya 60 kwa kila mtu ni wa mwendo wa haraka, na huko hulazimiki kuandika. Mimi huandika hatua kumi za kwanza hata hivyo, maana ndiko maradhi yangu yaliko.

Kujiandikisha ni kupitia kwa waandaaji, na mashindano yanayotambuliwa huwa chini ya Chess Kenya, shirikisho la nchi, ambalo ni mwanachama wa FIDE, chama cha dunia kilichoundwa Paris mwaka 1924. Andika jina lako halisi, kwenye kundi lako halisi. Mwaka 2023, kwenye Kenya Open inayofanyika nyakati za Pasaka, kijana mmoja wa kiume alijisitiri kwa buibui na niqabu akaingia kundi la wanawake. Alikuwa anashinda vizuri tu, hadi waamuzi wakajiuliza huyu dada hodari asiyejulikana na yeyote katoka wapi.

Usiogope kwamba utapangiwa bingwa kila raundi. Mashindano mengi hutumia mfumo wa Uswisi, uliojaribiwa kwanza Zürich mwaka 1895: hakuna anayetolewa, na kila raundi unakutana na mtu mwenye pointi kama zako. Ushindi ni pointi moja, sare nusu. Ukifungwa raundi ya kwanza, ya pili utakutana na mwingine aliyefungwa, naye ana wasiwasi kama wako. Kuhusu kiwango cha kimataifa, usihangaike mapema: unahitaji michezo isiyopungua mitano dhidi ya wenye kiwango, na tangu Machi 2024 orodha inaanzia 1400.

Siku yenyewe toka nyumbani mapema kupita kiasi. Ukitoka Umoja au Kayole usidanganywe na utulivu wa Jumamosi asubuhi; Jogoo Road inaweza kukushika Makadara huku makanga akikuapia kwamba gari linasonga. Saa ya chesi haimjui makanga. Raundi ikianza na hujafika, inawashwa, na ukichelewa kupita muda uliowekwa na waandaaji umefungwa bila kugusa kete. Kunywa chai, kula chapati moja, na uache kifuko cha njugu mfukoni kwa ajili ya raundi ya tatu, saa ambayo akili hulala.

Simu. Izime, si kuinyamazisha tu, kisha iweke kwenye begi au umkabidhi mwamuzi. Kwa sheria za FIDE ukikutwa nayo mwilini bila ruhusa unaweza kupoteza mchezo papo hapo. Mwambie mama mapema kwamba hutapatikana.

Ukigusa kete yako, ni lazima uisogeze kama inaweza kusogea. Ukigusa ya mwenzako, ni lazima uile kama inaweza kuliwa. Hapo ndipo drafti inaporudi kwa mlango wa nyuma: ni mkono wako mwenyewe uliojilazimisha kula. Ukitaka kurekebisha kete iliyokaa upande, sema kwanza "naweka sawa", ikiwa ni zamu yako, ndipo uiguse. Saa ibonyeze kwa mkono uleule uliosogeza kete. Ukimficha mfalme, mguse mfalme kwanza, kisha ngome, kwa mkono mmoja; ukianza na ngome utabaki umesogeza ngome peke yake. Hatua isiyo halali mara ya kwanza, kwenye michezo ya haraka na ya muda mrefu, inamzawadia mwenzako dakika mbili. Ya pili, umekwisha. Ukitaka kuomba sare, sogeza kete yako, omba, ndipo ubonyeze saa. Jambo likikutatiza, simamisha saa na uinue mkono umwite mwamuzi. Usibishane na mwenzako. Hata kama ni jirani yako wa Donholm na mnajuana tangu utotoni, humo ndani ni mwamuzi anayesema.

Ukimya utakushangaza kuliko kitu chochote. Hakuna wa kusema kula. Hakuna wa kukohoa ukikosea. Niliuhisi mzigo wa ukimya huo mwili mzima, na nadhani ndio ulionifanya niharakishe. Njia niliyoipata baadaye ni hii: mwenzako akisogeza, kalia mikono yako. Kwa kweli, iweke chini ya mapaja. Jiulize kete aliyosogeza imeacha kulinda nini, na imeanza kutisha nini. Kama umeona kitunda cha bure, tafuta angalau sababu moja kwa nini amekuachia. Ukiikosa kabisa, na dakika moja imepita, basi kile. Watu pia husahau kete zao; usigeuke mtakatifu ukamwachia kila kitu.

Mchezo ukiisha, simamisha saa, peaneni mikono, wekeni saini kwenye karatasi kama mliandika, na mpeleke matokeo. Kisha mwombe mwenzako mtoke nje mkautazame tena mchezo wenu, ukumbini msiwasumbue wanaoendelea. Wengi hukubali. Mimi nilimfuata yule mtoto hadi kwa muuza mandazi, nikamuuliza ningefanya nini pale farasi wake alipotua d4. Alimeza kwanza, akafuta mafuta kwenye sweta, akanionyesha kwa kidole hewani: farasi amle farasi. Kisha akaniuliza kama nimeshaangalia meza yangu ya raundi ya pili, maana karatasi ilikuwa tayari imebandikwa. Sikuwa nimeangalia. Ilikuwa meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango, na safari hii nilikuwa na nyeusi.